Majirani wa Farasi wa Baharini

Siku mume wangu alipoleta bahari nyumbani nilikuwa nakanda unga wa maandazi, na nilikuwa na hasira zangu nyingine kabisa, za mkaa uliolowa. Kenta ikasimama mlangoni, vijana wakashusha tangi la kioo, kubwa kama kabati la vyombo, limefungiwa magodoro pande zote. Yakafuata madumu ya maji, pampu, taa, ndoo ya chumvi, na ndoo nyingine iliyofunikwa kitambaa, ambayo mume wangu hakukubali mtu mwingine aibebe. Nikamwuliza humo mna nini. Akasema farasi. Nikaosha mikono polepole, maana niliona mazungumzo yatakuwa marefu.

Alikuwa dereva wa mzungu mmoja mtafiti wa madini kule Ruangwa. Mkataba wa mzungu ukaisha, akarudi kwao. Mbwa alimpa mlinzi, baiskeli alimpa mpishi, na farasi wa baharini wawili, dume na jike, alimpa dereva wake, kwa sababu dereva ndiye aliyekuwa akikaa mbele ya kioo kila anapomsubiri bosi avae viatu. Walizaliwa ndani ya kioo na hawakuwahi kuiona bahari kwa macho yao, sawasawa na wengi wetu huku Nachingwea.

Nikafunua kitambaa. Jamani, Mungu ana kazi zake. Viumbe wa urefu wa kidole, kichwa cha farasi, mkia wa kinyonga, wamesimama wima majini kama watu wanaosubiri kuitwa dirishani. Jicho moja linakutazama wewe, jingine linatazama mlango. Mume wangu, kwa furaha, akanieleza kwamba kwa hawa dume ndilo linalobeba mimba. Nikamwambia sawa, mtoto wa nne ni zamu yako.

Wanataka ubaridi hawa, na nyumba yetu ina bati. Chumba kilichokuwa na nafuu kilikuwa cha mama mkwe wangu, upande wa mkorosho, penye kivuli. Baba mkwe tulimleta kwetu kutoka Chinongwe ili awe karibu na hospitali, na ndani ya nyumba yetu ndimo alimomalizia safari yake. Kwa hiyo mama akakaa eda hapohapo, katika chumba kile, yeye na tasbihi yake na ukimya. Mume wangu alifikiri kioo kitamchangamsha. Mimi nilitegemea atakataa. Aliwatazama wale viumbe kitambo, halafu akauliza, kwa Kiswahili chake cha taratibu kinachopita kwanza kwenye Kimwera kabla ya kufika mdomoni, kama hawa ni mke na mume. Akaambiwa ndiyo. Akasema waingie.

Sasa niseme lililokuwa linaniuma wakati ule. Mama alikuwa anakonda. Kanga iliyokuwa ikimzunguka mara moja na kipande ilianza kumzunguka mara mbili na kubaki. Tulisema ni majonzi, na nani atamlaumu? Lakini mume wangu ana kaka yake mkubwa, mkulima wa Chiola, mtu mwema, tatizo lake ni sauti. Anaongea nyumbani kwa watu kama yuko mnadani. Shemeji huyu alikuwa akija kila Ijumaa baada ya swala, anamshika mama mkono, anaupima kwa macho, kisha anageuka kutazama sufuria yangu. Ijumaa moja akasema mbele ya watoto wangu kwamba eda ikiisha tu anamchukua mama kwenda Chiola, ambako angalau kuna chakula.

Mimi! Mama ntilie wa stendi, ninayewashibisha madereva na makuli na walimu wanaokopa, mimi ndiye nimuue mama mkwe kwa njaa. Nilitaka kumjibu shemeji kwa mwiko. Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya mkeka.

Na si heshima yangu tu iliyokuwa hatarini. Nampenda yule bibi. Mama yangu mzazi simkumbuki sura. Nilipoletwa katika ukoo huu, msichana wa Kimakua kutoka upande wa Masasi, mwenye mdomo usiofungika, mashangazi walikaa kikao kunijadili. Mama ndiye aliyewaambia waniache, kwamba nyumba yenye kelele haiingii nyoka. Tangu siku ile niko upande wake, hata anapokosea. Akienda Chiola nitabaki kumpigia kelele nani? Shida ni kwamba yeye mwenyewe hakusema kama anataka kwenda au kubaki. Mama si mtu wa kusema nataka. Mwanawe mkubwa akisema twende, ataenda, hata kama moyo unabaki.

Basi siku moja, tukiwa tunachambua mbaazi mbele ya kioo, mama akasema wale wawili wana upweke. Kijiji gani hiki, akauliza, cha watu wawili tu, hakuna jirani wa kuombana naye chumvi? Mimi nikaruka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kuomba kitu. Angetaka nyangumi ningekwenda kumbeba mgongoni.

Mume wangu wakati huo alikuwa amepata kazi ya kuendesha lori la mizigo kwenda Lindi, na kule alijuana na mvuvi mmoja aliyekubali kumwekea samaki wadogo wakiwa hai. Kuhusu nani anafaa kukaa na farasi, alikumbuka maneno ya bosi wake wa zamani: chagueni wapole. Wasiouma, wasiobana, wasiochoma. Mama akasema hiyo ni kazi rahisi, amekwisha kuozesha watoto wote na baadhi ya wajukuu. Na kweli, aliifanya kama posa. Ndoo ikifika kutoka Lindi inawekwa katikati ya chumba baada ya alasiri, mama anakaa kwenye mkeka, mimi nakuwa mshenga, na mume wangu anasimama upande wa wachumba kuwatetea.

Wa kwanza alikuwa kaa mdogo mwekundu. Mume wangu akamsifu kwamba ni mchapakazi, anakula mabaki, anafagia nyumba. Mama akamtazama anavyotembea ndani ya ndoo, akasema mtu anayekwenda upande huwezi kujua anaelekea kwa nani. Isitoshe ana mikasi, na hawa wawili wanaishi kwa mikia yao, ndiyo wanayojishikia. Posa ikakataliwa.

Wa pili alikuwa bunju, yule samaki wa kujivimbisha. Huyu alikuja anatabasamu. Mume wangu hata hakumaliza sifa. Mama alisema katika maisha yake ameona watu wengi wanaocheka kabla hawajasalimia, na wote waliondoka na kitu cha mtu. Mimi nikaongeza kwamba bunju ana sumu, nikaambiwa mshenga haongezi maneno.

Konokono alipita bila swali. Kwao anajulikana, alisema mama, na nyumba anakuja nayo mwenyewe.

Halafu wakaja wale wa kijani. Samaki wadogo, rangi ya kijani inayoteleza kwenye buluu, kama kitambaa cha satini, kundi zima la ndugu. Waliingia majini wakasimama pamoja kwenye kona, hakuna anayemsukuma mwenzake. Tuliwaangalia siku nzima. Hawagombani. Hawafukuzi mtu. Farasi akipita, wanampisha. Mama alifurahi, akasema hawa wamelelewa. Akawauliza maswali yote ya posa: ukoo wenu upi, mna magonjwa, mna hasira, kazi mnaipenda? Mume wangu akawajibia. Walipita kote. Nikapiga kigelegele kimoja kidogo, cha ndani, kwa sababu ya eda.

Wiki zikaenda. Mama ndiye aliyekuwa akiwalisha. Chakula chao ni uduvi, si ule mkavu wa sokoni, ni uduvi mbichi mdogo uliogandishwa, unaletwa na barafu kutoka Lindi. Mama aliuyeyusha kwenye kikombe, akaumwaga wote mahali pamoja, katikati ya maji. Mume wangu aliwahi kumwambia kwamba bosi wake alikuwa akiwawekea farasi chakula chao kwenye kombe la chaza, pembeni. Mama alikataa kwa upole wake usiosogezwa. Katika ukoo wetu, alisema, mtu hatengewi chakula. Anayetengewa ni mgeni asiyejulikana, au mgonjwa anayeogopwa. Waliokubaliana kukaa nyumba moja wanakula pamoja. Nilimuunga mkono kwa nguvu zote, maana ndivyo na mimi nilivyolelewa: sinia moja, mikono yote, bismillahi.

Mama ndiye wa kwanza kuona. Alinivuta kanga, akanionyesha kwa kidole. Tumbo la dume lilikuwa limeingia ndani, pingili zake zinahesabika. Jike vilevile. Wale wa kijani walikuwa wamenawiri, konokono hana neno. Ijumaa ile shemeji akaja, akaona mama amekonda, akaona na farasi wamekonda, wote ndani ya chumba kimoja. Akarudi nyuma hatua. Akasema chumba hiki kina jambo, na kwamba asiwepo mtu wa kumwambia avumilie, eda ikitoka mama anaondoka siku hiyohiyo, na atakwenda kusomewa. Safari hii mume wangu hakunikanyaga mguu, kwa sababu na yeye alikuwa ameanza kuogopa.

Jioni mume wangu akampigia simu mzungu wake. Ilibidi apande kwenye lori ndipo mtandao ushike. Akamweleza majirani wote waliopo, na kwamba ni wapole, hawajawahi kumgusa mtu. Mzungu akamuuliza swali moja tu: wanakulaje? Hakuna aliyejua. Wakati wa chakula mama humwaga uduvi na kwenda kutia udhu, na sisi wengine kila mtu ana shughuli zake. Mzungu akasema watazameni wakila. Akaongeza kwamba farasi wa baharini hana tumbo la kuhifadhia kitu, kinachoingia kinapita, kwa hiyo lazima ale mara kwa mara, na hajui neno haraka katika maisha yake.

Kesho yake mchana tukakaa mbele ya kioo, mama, mume wangu na mimi. Mama akamwaga. Wale watoto wenye adabu, wale waliolelewa, loo! Ilikuwa kama kengele ya shule imelia. Hawakumpiga mtu, hawakumbana mtu, walikula tu, na walikuwa wepesi kiasi kwamba uduvi haukufika hata nusu ya maji. Dume la farasi lilikuwa limekwisha kuchagua uduvi wake mmoja. Lilimsogelea. Likamtazama kwa jicho hili, likamtazama kwa jicho lile, likanyoosha mdomo wake wa filimbi, na wakati ndiyo linajiandaa kuvuta, jirani akapita, uduvi hakuna. Likatazama mahali uduvi alipokuwa. Halafu likarudi kwenye tawi lake, likajishika kwa mkia, likatulia kama mtu aliyeshiba.

Mume wangu alicheka. Mama hakucheka. Alisema, polepole, kama anayemweleza mtoto, "Si kwamba hana njaa. Anaona haya kugombania."

Neno hilo liliniingia na sikujua kwa nini. Nikaenda kupakua. Siku ile ilikuwa ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, na samaki wa kukaanga. Tukakaa kwenye sinia kama kawaida, mimi, mama na watoto wangu watatu. Na kwa sababu nilikuwa nimetoka kutazama walaji, macho yangu yakaendelea kutazama walaji.

Mimi ni mtu wa stendi. Nakula nimesimama, nakula nikirudisha chenji, tonge kwangu ni kitu cha kumeza ili niendelee kusema. Watoto wangu wamenifuata, na baba yao asikuambie mtu. Mama alichukua tonge dogo. Akalibinya, akaligeuza, akalibinya tena, akalitia shimo la kidole katikati, akalichovya kwenye kisamvu ukingoni, kwa adabu, upande wake tu. Akatafuna. Sisi tulikuwa tumekwenda na kurudi. Alipomaliza tonge la pili, kisamvu kilikuwa kimebaki rangi kwenye sinia. Mkono wake ulifika kwa samaki, na mwanangu wa mwisho, bila ubaya wowote, akapita naye. Mama akatazama mahali samaki alipokuwa. Kisha akanawa, akasema alhamdulillahi, nimeshiba.

Nimeshiba! Kumbe neno lile nililisikia kila siku, na kila siku niliona ni sifa kwa mpishi. Kule Chinongwe, watoto walipokwisha kuoa na kuondoka, yeye na mzee walikula wawili, sinia lao dogo, saa wanayotaka, mzee naye akiwa na meno machache. Mume alipokufa, mama hakufiwa na mume tu. Alifiwa na mtu wa kula naye, na sisi tukamtia katikati ya kundi la kijani. Nililia jikoni, na mimi nikilia nalia kwa sauti, majirani wakaja wakidhani kuna msiba mwingine.

Kesho yake nikampakulia bakuli lake peke yake, limejaa, nyama juu. Likarudi vilevile. Aliuliza kama amekuwa mgeni, au kama ana ugonjwa ambao hatujamwambia. Nikajaribu kueleza, nikajikwaa, nikamtaja dume la farasi, ikawa mbaya zaidi. Tukanuniana hadi magharibi.

Mume wangu, kwa upande wake, aliwarudisha wale wa kijani kwao Lindi kwa ndoo, bila ugomvi na bila kudai chochote. Posa zikaanza upya, ila sasa mama hakuuliza ukoo wala hasira. Swali lake lilikuwa moja, lile la mzungu: anakulaje? Akaja samaki mmoja wa mchangani, mnene wa kichwa, mvivu ajabu, ambaye kazi yake ni kulala chini na kufumbua mdomo akipitiwa na kitu. Mama alimtazama akila. Akamtazama tena siku ya pili. Akasema huyu ana staha, akae. Farasi wakaanza kuvuta uduvi wao mmoja mmoja, tik, tik, hata ukiwa kimya unasikia, na pingili zikafunikwa.

Nikamtazama yule mvivu, nikasema kumbe jibu ndilo hili. Si kumtenga mtu. Ni kumtafutia mwenzake.

Mchana nikaweka masinia mawili. Kubwa la watoto, wale kwa vita vyao. Dogo nikalibeba chumbani, nikaliweka kwenye mkeka, nikakaa upande wa pili wa mama. Akanitazama mkono. Wallahi, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Nilichukua tonge, nikalimeza kwa mazoea, nikajikuta nakaa mikono mitupu namsubiri mtu aliye kwenye kubinya. Tonge la pili mama alinigusa kifundo cha mkono. "Tafuna," alisema. Nikatafuna. Nikaligeuza upande huu, nikaligeuza upande ule. Kwa mara ya kwanza nikajua kisamvu changu kinazidi chumvi kidogo, na stendi nzima haijawahi kuniambia. Mama naye, akila, anasimulia. Kumbe hadithi zake zilikuwa zinasubiri mtu wa kukaa. Alinieleza jinsi mzee alivyomposa, na jinsi yeye alivyomfichia mshenga kiatu. Chakula kilipoa, tukakimaliza baridi.

Tukaendelea hivyo mpaka eda ikakaribia mwisho. Kanga ilirudi kuzunguka mara moja na kipande. Shemeji alikuja, akaona, akasema ni dalili nzuri, basi atakuwa na nguvu za safari. Nilitamani kumtia ndani ya kioo na yule bunju. Mama aliinamisha kichwa. Nilimwomba mume wangu aseme na kaka yake, akajaribu, akazidiwa sauti. Nilimwomba mama aseme mwenyewe. Akaniambia watoto wote ni wake, hawezi kugombania na mwanawe. Nikajua imekwisha.

Siku ya kutoka eda tulisoma dua, wanawake wakamwogesha mama, akavaa kanga mpya niliyomnunulia, na shughuli ikaisha vizuri. Shemeji alikuwa amepanga waondoke kwa gari la mwisho la Chiola. Begi la mama lilikuwa mlangoni, nimelifunga mwenyewe, machozi yananitiririka. Nikabeba sinia letu dogo chumbani kwa mara ya mwisho, wali na mbaazi za nazi na kuku, nikakaa mahali pangu.

Tukaanza. Mama alichukua tonge dogo kuliko siku zote. Akalibinya. Akaligeuza. Shemeji akachungulia, akasema jamani wakati. Mama akalibinya tena. Gari likapiga honi barabarani, ya kwanza. Mama akatafuna huku anawatazama farasi wake. Nami nikatafuna, punje kwa punje, sithubutu kuinua macho. Honi ya pili. Shemeji sasa alisimama mlangoni na begi mkononi, sauti yake ya mnadani imeanza kupanda.

Mama akainua uso. "Kaa kwanza, baba," alimwambia. "Mimi na mwenzangu hatujamaliza kula."

Halafu akachukua mchuzi kidogo, upande wake tu, kwa adabu. Nje honi ikalia mara nyingine, kisha tukasikia gari likiondoka, likapita sokoni, likapotea. Shemeji alisikiliza hadi mwisho. Akaliweka begi chini. Alikuwa na njaa na yeye, tangu asubuhi alikuwa mbioni na shughuli, akanawa mikono, akapinda magoti kuketi kwenye mkeka wetu.

Mama alimshika mkono kabla haujafika kwenye wali, akamwonyesha mlango. Sinia la watoto liko kule ukumbini, akamwambia, awahi.